Sifuri ya Mashine (Sehemu ya Tisa)

Jina lilikuwa la mumewe.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wengine mlinilaani. Haya, turudi pale pale.

Mama Seva alilisoma jina mara ya kwanza akalaumu macho. Akalisoma mara ya pili, herufi moja moja, kidole kikitambaa juu ya kioo cha kompyuta. Halikubadilika. Mfumo wa hospitali ulikuwa umeganda mara tatu wiki hii, Jumapili, Jumatatu na Jumanne, na mara zote kumbukumbu za seva zilisema jambo moja: kitu cha mwisho kupokelewa kabla ya kuganda kilitoka meza ya nne ya maabara, kwa nenosiri la mtu mmoja. Mtu huyo ndiye aliyemjazia chai kwenye chupa asubuhi na kumkumbusha mwavuli.

Kwa aliyeingia leo, asogee, nafasi ipo. Mama Seva ndiye aliyeiandika na ndiye anayeitunza tovuti inayoendesha hospitali nzima: miadi, majibu ya vipimo, dawa, damu. Mumewe ni mtaalamu wa maabara. Wenzake wanamwita Darubini, kwa kuwa hata ukimpa glasi ya maji huiinua kwenye mwanga kwanza. Wana watoto pacha, kwa hiyo nyumbani wao ni Mama Pacha na Baba Pacha tu, na majina ya kazini huachwa mlangoni pamoja na viatu.

Jumanne mfumo uliganda dakika arobaini. Wodi ya wazazi kulikuwa na mama anayevuja damu. Damu ya kundi lake ilikuwepo kwenye jokofu, imeshapimwa, lakini kwa utaratibu wa hospitali, chupa ya damu haitoki mpaka majibu yake yaonekane kwenye mfumo. Mtoto alizaliwa salama. Mama mwenyewe, hadi leo Ijumaa, hajafumbua macho.

Kwa hiyo lile halikuwa jina tu. Lilikuwa kesi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni Kamanda, mkuu wa ulinzi wa hospitali, mstaafu wa jeshi ambaye hadi leo hutembea kana kwamba kuna mtu anamkagua. Alitupia jicho kioo cha kompyuta, wala hakushangaa. Akamwambia Mama Seva kwamba jina hilo analo tangu jana. Alitaka tu kuona kama yeye atalisema au atalifuta.

"Nisingelifuta," Mama Seva alisema.

"Nimeona. Ndiyo maana nimeingia mimi, hawajaingia polisi. Wao watakuja saa nane."

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na nusu asubuhi.

Kamanda akafungua daftari lake dogo. Miezi mitatu iliyopita, kantini, mbele ya watu kumi, Darubini alisema kwamba mfumo huu siku moja atauzima kwa mkono wake mwenyewe. Watu kumi walicheka. Mama Seva alikuwa mmoja wao, akacheka kuliko wote, maana alijua mumewe alivyolipenda daftari lake la zamani la majibu. Mdomo huponza kichwa, na leo maneno yale yalikuwa yamekaa kwenye daftari la Kamanda na tarehe yake pembeni.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama," alisema, na tumpe haki yake, hakusema kwa furaha.

Darubini alikuwa amefungiwa stoo ya karatasi na wino, ghorofa ya chini. Mama Seva aliomba aruhusiwe kumwona. Akapewa robo saa, lakini baada ya saa moja, Kamanda akishamaliza maswali yake.

Saa moja ni ndefu ukiwa huna la kufanya. Yeye alikuwa nalo.

Aliketi, akafungua sanduku la barua pepe, akatafuta neno moja: kuganda. Barua zikaja kama arobaini. Ya tano kutoka juu ilikuwa ya wiki mbili zilizopita, siku ya Ijumaa. Ilitoka kwa watu wanaoitunza lugha ya kompyuta ambayo kwayo aliiandika tovuti ya hospitali. Kichwa chake kilikuwa na neno TAHADHARI. Alikuwa ameiwekea alama ya nyota ya njano, ambayo kwake ina maana moja: nitaisoma kesho.

Aliisoma sasa, hadi mstari wa mwisho.

Lugha ile ilikuwa na tundu. Kuna namba moja ya desimali, ndogo mno, iliyo karibu na namba ndogo kuliko zote ambazo kompyuta inaweza kuzishika. Ukiiandika namba hiyo kwenye fomu yoyote ya tovuti, lugha inajaribu kuisoma na haimalizi. Haizimiki. Hailalamiki. Inajaribu tu.

Mfikirie muuza sukari mwenye mizani ya zamani. Anaongeza chembe, uzito unazidi. Anatoa chembe, unapungua. Anaongeza, anatoa, anaongeza, na foleni imeshafika barabarani. Hakuna aliyevunja duka lake wala kumwibia. Amepewa tu kipimo ambacho mizani yake haiwezi kukiamua.

Tahadhari haikuitaja namba yenyewe. Iliweka kiungo, anayetaka aende akaisome. Gazeti hili nalo halitaichapa, kwa sababu na sisi tuna tovuti.

Dawa ilikuwepo hapo hapo chini ya barua: toleo jipya la lugha. Kuliweka huchukua dakika nane. Mama Seva aliliweka kwenye seva kubwa, na dakika ya tisa hospitali ilikuwa salama. Dakika nane. Angezitoa Ijumaa ile ya wiki mbili nyuma, mama wa wodi ya wazazi angekuwa nyumbani ananyonyesha. Aliliwaza hilo mara moja, kisha akaliweka pembeni, kwa sababu kulia kungemla muda.

Kwenye seva ndogo ya akiba aliliacha toleo la zamani, na tundu lake. Aliitaka iwe shahidi.

Akarudi kwenye kumbukumbu. Seva ya hospitali ina wahudumu wanane, yaani mambo manane inaweza kuyashughulikia kwa wakati mmoja. Siku zote tatu, meza ya nne ilituma fomu, ikangoja, ikatuma tena, na tena, mara nane. Mama Seva akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliujua mkono ule. Mumewe akiona ukurasa haujibu hubonyeza, hubonyeza tena, husonya, hubonyeza. Kila mbonyezo ulimpa mhudumu mwingine namba ile ile isiyopimika. Ulipofika wa nane, duka zima likawa linapima chembe moja.

Huyo si mhalifu, alijiambia. Huyo ni mtu mwenye haraka.

Kamanda alipokuja kumchukua, alimweleza yote mawili, tundu na mibonyezo, wakishuka ngazi. Kamanda alisikiliza vizuri sana hadi chini.

"Wahudumu wanane, mibonyezo minane," alisema. "Hesabu imekaa sawa. Mtu asiyejua angebonyeza mitano, au kumi na mbili."

Tabasamu la Mama Seva likaishia pale pale.

Darubini alikuwa amekaa juu ya boksi la karatasi, koti lake jeupe limekunjwa mapajani. Mkewe aliingia akabaki amesimama. Hakukuwa na salamu iliyofaa.

Akamuuliza alichokuwa akikiandika. Darubini alijibu polepole, kama anayemfundisha mwanafunzi. Damu ya mchangiaji ikitia shaka kwenye kipimo cha kwanza, hupimwa mara ya pili kwa mashine mpya inayohesabu virusi. Mara nyingi mashine haioni kitu, na hapo ndipo penye tatizo. Fomu inataka namba. Yeye namba hana.

"Si sifuri?" Mama Seva aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Sifuri haiandikwi, Mama Pacha. Ukiandika sifuri umeapa kwamba hakuna kabisa. Hakuna mashine duniani inayoweza kuapa hivyo. Unaandika haionekani."

Hiyo ni sheria ya maabara, aliyofundishwa na aliyemfundisha, na kwenye daftari la zamani neno haionekani limejaa kurasa kwa kurasa. Lakini kisanduku cha fomu kilikataa maneno. Alikitengeneza nani kisanduku hicho? Mnamjua.

Mama Seva akakumbuka. Wiki mbili nyuma, wakikunja nguo za watoto, mumewe alimwomba alegeze kisanduku kile kikubali neno moja tu. Alikuwa amechoka kupanda ngazi ghorofa tatu na majibu ya karatasi mkononi kila mara mashine isipoona kitu. Yeye alicheka. Alimwambia aandike sifuri, dunia haitaisha. Mumewe aliendelea kukunja soksi ndogo ndogo, mbili mbili.

"Kwa hiyo ukaandika nini?"

"Namba ndogo kuliko zote. Nilisema kama sifuri haiandikwi, basi nitaandika kile kilicho karibu nayo kabisa."

"Umeitoa wapi?"

Darubini alitazama koti lake. "Kwenye kitabu cha mashine. Kuna ukurasa wa vipimo, wameiandika."

Kama mke angemtazama vizuri wakati ule, angeona kitu. Hakumtazama. Furaha ilishamziba macho. Kitabu cha mashine! Jambo la kitaalamu, la mtu mwangalifu kupita kiasi, bahati mbaya tupu. Alimshika bega mumewe akamwambia ataingia kwenye kikao na kitabu hicho, na kabla ya saa nane atakuwa huru. Darubini alimwomba asifanye hivyo. Alisema bora aache mambo yaende. Mama Seva aliyachukua maneno yale kuwa ni uchovu, akatoka mbio kwenda maabara.

Kikao kilikaa saa saba na robo, chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu. Mezani walikuwa Mganga Mkuu, mwanamke wa maneno machache anayeongoza hospitali, na Kamanda na daftari lake. Darubini aliwekwa kwenye kiti cha mwisho, mlinzi mlangoni. Mama Seva aliweka mezani kompyuta iliyounganishwa na seva ya akiba, kitabu cha mashine ya maabara, na karatasi alizochapa kutoka kwenye kumbukumbu.

Alianza na lililo gumu. Alisoma tahadhari yote, na tarehe yake.

"Wiki mbili," Mganga Mkuu alisema.

"Wiki mbili."

"Na wewe ndiye unayezipokea."

"Mimi peke yangu. Mlango niliuacha wazi mimi, daktari. Mume wangu alipita tu, wala hakujua kwamba ni mlango."

Alijua maana ya maneno hayo: kazi imekwenda, na pengine zaidi ya kazi. Lakini alijisikia mwepesi. Angefukuzwa mtu mzembe, asingefungwa mtu asiye na hatia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na jioni pacha wangemkuta baba yao mezani.

Akafungua kitabu ukurasa wa vipimo. Akaisoma namba kwa sauti, tarakimu kumi na saba, na mkia wake wa kuonyesha ni ndogo kiasi gani. Akaiandika kwenye fomu ya majaribio, akawaambia wasikilize, kwa sababu seva ikikwama feni yake huanza kuvuma.

Akabonyeza.

Ukurasa ulijibu hapo hapo. *Imepokelewa. Asante kwa kazi yako.* Maneno hayo aliyaandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita, kwa adabu.

Akabonyeza tena. Imepokelewa. Asante kwa kazi yako. Mara ya tatu, ya nne. Seva ilikuwa inamshukuru tu.

Kamanda alifunika kalamu yake. Mganga Mkuu alitazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano, na Mama Seva alihisi jasho likimshuka mgongoni. Alikuwa amejitia kitanzi bila kumtoa mumewe kwenye chake.

Akamgeukia Darubini. Darubini alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililomtia hofu mkewe.

Akazivuta karatasi za kumbukumbu. Namba ile alishaiona tangu asubuhi, lakini tarakimu kumi na saba, nani huzisoma zote? Sasa alizisoma. Aliweka kidole cha kushoto kwenye kitabu na cha kulia kwenye karatasi, akatembea navyo pamoja. Zilifanana, zilifanana, zilifanana hadi mwisho. Namba ya kitabu iliishia na kumi na nne. Namba aliyoiandika mumewe iliishia na kumi na moja.

Akaandika ya kumi na moja. Akabonyeza.

Ukurasa ukabaki mweupe. Baada ya muda mfupi, kutoka kwenye kabati la vyuma nyuma yao, inamokaa seva ya akiba, feni ikaanza kuvuma, kwanza chini kwa chini, kisha kwa nguvu, hadi Mganga Mkuu akageuka kuitazama.

"Ndiyo hiyo," Mama Seva alisema. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote.

Kamanda si mtu wa kompyuta, lakini ameishi na waongo miaka mingi. Alinyanyuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya Darubini. Akasema hivi: namba ya kitabuni haidhuru. Namba iliyodhuru haimo kitabuni. Kwa hiyo mtu huyu ametudanganya. Na kama kitabu hakikumpa, amepewa na mtu anayejua inafanya nini, au anajua mwenyewe.

"Nilikosea kunakili," Darubini alisema.

"Siku tatu mfululizo? Kosa lile lile?"

"Nilikosea mara ya kwanza, nikanakili kosa langu."

"Na tangu Jumanne hujaiandika tena. Umerudi kupanda ngazi na karatasi. Kwa nini uliacha?"

Darubini aliinamia koti lake. Mtu anayeinua maji kwenye mwanga hanakili vibaya, mkewe alilijua hilo kuliko wote chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Mama Seva alijiuliza kama anamjua mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka tisa. Wazo lile lilimuumiza mwilini, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Chini kwenye maegesho, gari liliingia na kuzima injini. Wote walilisikia.

Akavuta kiti, akaketi karibu na mumewe hadi magoti yakagusana. Akamwambia kwa sauti ya nyumbani.

"Baba Pacha. Nani alikupa namba hii?"

"Usiniulize hapa."

"Nakuuliza hapa hapa. Nje ya mlango huu kuna gari."

"Nakuomba."

"Kuna mtu hajafumbua macho tangu Jumanne. Mimi nimeshasema langu mbele ya watu. Sema lako."

Darubini alimtazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeaga. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa simu yake, akatafuta, akamnyooshea mkewe. Mkono wa Kamanda ulikuwa mwepesi zaidi.

Kamanda alisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Baba Pacha, nimefikiria ulichoniomba. Kisanduku siwezi kukibadilisha kwa sasa. Mashine isipoona kitu andika namba hii, ndiyo sifuri ya mashine. Inakili kama ilivyo, usibadilishe hata tarakimu moja."

Chini yake ilikuwa namba. Iliishia na kumi na moja. Ujumbe ulitumwa Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi.

"Umetoka kwa nani?" Mganga Mkuu aliuliza.

Kamanda aliigeuza simu ili kila mtu aone. Umetoka kwa Mama Pacha. Na picha yake ndogo ilikuwa pale juu, amebeba watoto wote wawili, anacheka.

Darubini sasa alizungumza bila kuulizwa, kwa mkewe tu, kana kwamba wale wengine wametoka. Alisema Jumapili na Jumatatu hakushuku kitu, mtandao kulala si habari mpya. Jumatano, Kamanda alipokuja maabara na kuwasomea saa na dakika za kuganda, ndipo alipoelewa. Alirudi nyumbani akamkuta anawaogesha watoto na kuwaimbia, akashindwa kuuliza.

"Nilidhani umefanya kusudi. Nikasema lazima una sababu, labda wanakutesa kazini na hunipi. Nikasema pacha wakibakiwa na mzazi mmoja, bora abaki mama."

Mama Seva alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga kofi. Siku tatu walikuwa wamekula meza moja, mume akimlinda mke kwa kosa asilolifanya. Na yeye, baada ya kumtetea asubuhi yote, moyoni alikuwa ameshaanza kumshuku. Ndoa ina mambo.

"Sikuandika mimi," alisema. "Wallahi sikuandika mimi."

Alitoa simu yake mwenyewe, akafungua mazungumzo yao. Jumamosi, saa nne asubuhi, hapakuwa na kitu. Jumamosi nzima ilikuwa tupu. Kamanda aliinama akatazama, akaguna. Alisema ujumbe unaweza kufutwa kwa aliyetuma ukabaki kwa aliyepokea, hilo hata yeye analijua, wajukuu wamemfundisha.

Mganga Mkuu akauliza swali ambalo wengine hawakuliona. Tahadhari yenye kiungo cha namba ilifika Ijumaa ile, kwa mtu mmoja tu, na barua zake huonekana pia kwenye simu yake. Je, Jumamosi iliyopita simu hiyo alikuwa nayo?

Mama Seva alifungua mdomo kujibu, na jibu likamwonyesha uso wa mtu.

Jumamosi iliyopita aliitwa kazini ghafla, printa za dirisha la dawa zimegoma, na simu aliiacha nyumbani ikichajiwa. Mumewe alikuwa zamu maabara. Nyumbani alibaki mtu mzima mmoja tu, na watoto.

Nyinyi wa tangu sehemu ya kwanza mnamjua. Ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyemlea kwa mkono wake tangu msichana ana miaka tisa na wazazi hawapo. Anaishi nao, na husikia yote yanayosemwa sebuleni. Amesomea kompyuta, na amesoma vizuri. Miezi mitatu iliyopita aliomba nafasi ya msaidizi kwenye chumba cha seva, na dada yake mwenyewe ndiye aliyempa mtu mwingine nafasi hiyo, ili watu wasiseme anaajiri ukoo. Msichana hakulalamika hata siku moja. Alisema sawa dada, akachukua kazi ya karani wa mapokezi, hapa hapa hospitalini. Nenosiri la simu ya dada yake analijua, maana ni tarehe ya kuzaliwa kwake yeye.

Darubini naye alikuwa ameshafika hapo. Mkewe alimwona akivuta pumzi ili aseme, akambana mkono chini ya meza kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Nilikuwa nayo," Mama Seva alisema. "Simu nilikuwa nayo."

"Na nenosiri lake," Kamanda aliuliza, "analijua nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Kamanda alimtazama, kisha akamtazama Darubini, ambaye alikuwa ameuma mdomo na machozi yanamtoka. Akafungua kalamu yake, akakata mstari mmoja kwenye daftari, akaandika mwingine chini yake. Akamwambia Darubini anyanyuke, yuko huru kwenda. Akamwomba Mama Seva ahamie kwenye kiti kile cha mwisho.

Mganga Mkuu alinyanyua simu ya mezani, akapiga mapokezi kuuliza kama polisi wamefika.

"Wamefika, daktari," ilijibu sauti ya msichana, laini na yenye adabu. "Nawaleta juu mimi mwenyewe."